Ukuta wa Kushoto wa Moyo

Mbuba, Ngara
3 Machi 2024

Mpendwa Odeta,

Habari za bwenini? Sisi huku wazima. Bibi yako anakusalimu sana. Goti bado linamsumbua, lakini juzi alikwenda jumuiya na kurudi kwa miguu yake, kwa hiyo usimwonee huruma kupita kiasi. Mvua imekuja vizuri, maharage tumeshapanda.

Baba yako alipiga simu Jumapili. Amerudia yale yale: mwaka huu ndio wa mwisho. Nikifeli tena Baiolojia ya kidato cha nne, niache kujidanganya na habari za unesi, nihamie kwake Biharamulo nikamsaidie kuuza duka. Alisema kwa upole, na ndiyo maana imeniuma zaidi. Kaka Pancras akifoka huwa najua namna ya kumjibu.

Madaftari yako ya Baiolojia yamefika. Konda Anold aliyaleta mpaka mlangoni, yamefungwa kwenye mfuko wa sukari. Mwandiko wako, mwanangu! Vichwa vya habari kwa wino mwekundu, mistari kwa rula, hakuna hata herufi moja iliyolala. Bibi alidhani ni kitabu kilichochapwa.

Sasa nikuulize, na usinune. Fungua daftari la kidato cha pili, mada ya moyo. Ah, daftari ninalo mimi, basi nitakusimulia. Sentensi inakwenda vizuri kwa Kiingereza, damu inatoka mwilini inaelekea moyoni, halafu katikati pameandikwa "geuza ukurasa", kisha sentensi inaendelea palepale kwenye mstari uleule. Nimegeuza ukurasa. Nyuma kuna mchoro wa panzi. Odeta, ulipokuwa unaandika hayo maneno ulijua unaandika nini?

Na chini yake: "Ukuta wa kushoto wa moyo ni mnene kuliko wa kulia kwa sababu ya kazi yake." Kazi gani? Naomba jibu la hilo tu. Sentensi hiyo naifahamu. Niliinakili mimi mwenyewe miaka kumi na miwili iliyopita, shule nyingine, mwalimu mwingine, neno kwa neno. Niliikariri mpaka nikawa naiota, na bado nikapata F.

Ningekupigia kwa simu ya matroni, lakini ile ni ya salamu tu, ukifika kwenye jambo lenyewe anakohoa. Andika, umpe rafiki yako Happyness, mama yake atampa Anold pale Nyakanazi.

Shangazi yako anayekupenda,
Speciosa


Biharamulo
24 Machi 2024

Shangazi Speciosa,

Shikamoo. Mfikishie bibi shikamoo yangu pia, na mwambie goti alipake mafuta ya moto kama alivyokuwa ananifanyia mimi. Huku tunaendelea. Tumeanza kulala saa nne kwa sababu ya maandalizi ya mtihani. Baba alikuja siku ya wazazi akaniletea sabuni na karanga.

Barua yako niliisoma bwenini, Happyness akiwa anachungulia begani, akacheka mpaka nikamfukuza kitandani kwangu. Kwa hiyo nimeshaaibika, kama ndivyo ulivyotaka.

Labda hujui mambo yanavyokwenda hapa. Mwalimu Malongo ana kitabu chake cha notsi, cha zamani, karatasi zimekuwa rangi ya chai. Akiingia darasani ananipa mimi kitabu na chaki, kwa sababu nina mwandiko mzuri kuliko wote. Mimi naandika ubaoni, wenzangu themanini wananakili, yeye anakwenda mkondo wa pili kuanzisha kazi hiyohiyo. Jioni naazima daftari la Happyness nami naandika la kwangu. Mwisho wa mwezi anakagua na kutoa alama. Nimekuwa wa kwanza kwa notsi tangu kidato cha pili. Sijawahi kukosa tiki.

"Geuza ukurasa" ilikuwa imeandikwa kwenye kitabu chake, chini pembeni. Mimi naandika kilichopo, kazi yangu si kuchagua. Darasa zima lina "geuza ukurasa" na hakuna aliyelalamika isipokuwa wewe.

Na ukuta wa kushoto ni mnene kwa sababu ya kazi yake. Ndivyo ilivyo. Kazi yake ni ya moyo. Shangazi, notsi unakariri kwanza, kuelewa kunakuja baadaye. Kila mtu anafanya hivyo. Kama hazikufai nirudishie, maana zilinichukua miaka mitatu na wapo wanaozililia.

Wako,
Odeta


Mbuba
14 Aprili 2024

Odeta,

Bibi hajambo, mafuta amepaka. Ng'ombe wa jirani ameingia kwenye maharage yetu na tumekwisha kugombana na kupatana. Hizo ndizo habari, sasa tuje kwako.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Kuelewa kunakuja baadaye? Baadaye lini? Mimi nimeisubiri hiyo baadaye miaka kumi na miwili, hakuna kilichokuja! Kazi yake ni ya moyo! Nikikuuliza mpishi anafanya nini utaniambia anafanya kazi ya upishi?

Nimekasirika, na sitaki kujifanya sijakasirika. Nina hasira na huyo Malongo anayewaachia chaki akaenda zake. Nina hasira na wewe pia, mtoto mwenye akili, unajivunia tiki kama mhuri wa posta. Mhuri haujui kilichomo ndani ya bahasha. Watu themanini wanaandika "geuza ukurasa" na hakuna anayenyanyua kichwa! Mngeandikiwa "choma daftari hili" mngeandika, mkapiga mstari kwa rula.

Sasa sikiliza. Katika kituo cha jioni ninakosoma, kuna mwalimu mmoja wa hesabu, akianza kueleza anasema, "Kalamu chini." Mwanzoni nilimchukia, nilihisi ananinyima kitu. Anaeleza mpaka mwisho, anafuta ubao, ndipo anasema, "Sasa andikeni." Siku ya kwanza niliandika maneno matatu. Nilitaka kulia. Lakini maneno yale matatu ninayo mpaka leo.

Basi fanya hivi. Piga mstari kwenye ukurasa, si wa mapambo. Kulia andika ulichoelewa, kwa maneno yako, kwa Kiswahili, hata kama ni kifupi cha kutia aibu. Kushoto andika maswali yanayokuwasha. Pasipoeleweka pasijazwe, pabaki wazi, pakusute kila ukifungua. Kisha funga, mweleze mtu. Ukikwama, hapo ndipo hujui. Rudi kwenye kitabu, si kwenye notsi.

Nakupa mtihani. Bila kufungua chochote, niandikie damu inatokaje kwenye kidole cha mguu mpaka inarudi kwenye kidole hichohicho. Ukiweza, nitakuomba radhi mbele ya bibi. Na tafadhali, usinitumie tena notsi za Malongo. Sizitaki hata za kufungia vitumbua.

Speciosa


Biharamulo
9 Juni 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Najua ni muda mrefu. Mama Happyness aliniambia Anold amekuulizia majibu yangu kila safari mpaka anaona haya kupita pale. Sikuwa mgonjwa.

Niliamua nisikujibu kabisa. Halafu nikaamua nikujibu kwa ule mtihani wako, nikunyamazishe. Nilikaa na karatasi tupu. Damu inatoka kidoleni. Inakwenda moyoni. Nikakwama. Inaingia upande gani? Naujua mchoro wote, naweza kuuchora gizani na majina yake yote kwa Kiingereza, lakini sikujua damu inaingia wapi na inatokea wapi. Majina yalikuwa yamekaa tu pale kama watu kwenye picha ya harusi, sijui nani ni ndugu wa nani.

Nilikukasirikia wewe kwanza. Kisha siku ya Baiolojia nikanyoosha mkono nikamwuliza mwalimu kwa nini ukuta wa kushoto ni mnene. Akasema, "Soma notsi zako." Nikamwambia, "Mwalimu, nimezisoma, ni mimi niliyeziandika ubaoni." Darasa likacheka. Akaniambia nikae, nisijifanye mjuaji.

Basi mimi na Happyness tukaazima kile kitabu cha kiada maktaba, tukakaa nacho jioni kwa jioni. Nimepata, shangazi! Damu iliyochoka inaingia upande wa kulia. Upande wa kulia unaisukuma mpaka mapafuni tu, pale pale jirani, ikachukue hewa. Inarudi moyoni upande wa kushoto, na kushoto ndiko inakosukumwa mwili mzima, kichwani mpaka kwenye kucha za miguu. Wa kulia anatumwa kwa jirani. Wa kushoto anatumwa Nyakanazi kwa miguu, na mzigo kichwani, kila siku. Ndiyo maana ana misuli!

Nilifurahi kwa dakika moja, halafu nikakasirika mno. Miaka mitatu nimeandika ubaoni kitu nisichokijua, kwa mwandiko mzuri, na kila mtu akaniita hodari. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali moja dogo. Mpaka wewe, tena kwa matusi.

Nimepiga mstari kwenye daftari jipya. Nitakuwa nakutumia nakala ya kila mada nikiimaliza, kwa Kiswahili.

Mjukuu wa bibi, na mwanao,
Odeta


Mbuba
7 Julai 2024

Odeta wangu,

Sote wazima, na mimi mzima kuliko wote. Nimeisoma barua yako kwa sauti jikoni. Bibi akasema nimweleze, nikamweleza kwa Kihangaza, kuanzia kidoleni. Akasikiliza, akauliza, "Na mtoto aliye tumboni, ambaye hapumui, damu yake inakwenda mapafuni kufanya nini?" Swali hilo nimeliandika upande wa kushoto. Litafute.

Radhi nimekuomba mbele yake kama nilivyoahidi, ingawa yeye alidhani nakusifia.

Mada ya figo na ya chakula zimefika. Naelewa, mtoto wangu. Nalima huku najieleza mwenyewe, watu wa Mbuba wataniona nimerukwa na akili. Yale madaftari yako ya Kiingereza sijayafungua tangu Pasaka, na wala siyakosi. Kaka Pancras alipopiga simu nilimweleza figo mpaka salio lake likaisha.

Endelea hivyohivyo. Nangoja mada ya urithi, ile ya kwa nini mtoto anafanana na babu yake. Hiyo ndiyo inayoniogopesha kuliko zote.

Speciosa


Biharamulo
18 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Huku salama. Chakula kimekuwa bora kidogo. Hali ya hewa ni nzuri, napata upepo mwingi siku hizi.

Mwalimu Malongo hajambo. Chaki sasa anashika Samweli, mwandiko wake ni mbaya lakini ana haraka. Mada ya urithi bado kidogo, utasubiri.

Lile swali la bibi nimelipata: mtoto wa tumboni damu yake hupita njia ya mkato ndani ya moyo, karibu yote inaruka mapafu, maana hewa anapewa na mama. Mwambie bibi ameuliza swali la daktari.

Wasalimie wote.

Odeta


Mbuba
22 Septemba 2024

Odeta,

Bibi hajambo. Kahawa tumeanika. Nimemaliza habari.

Upepo mwingi! Ulinionaje mimi? Nilipoisoma ile barua yako fupi nilijua kuna kitu umekalia. Mtu aliyenyang'anywa chaki haandiki "hali ya hewa ni nzuri". Nikapanda gari mpaka Nyakanazi, nikaenda kwa Mama Happyness, nikamkuta anageuza chapati. Sikumaliza salamu. "Mama Happyness," nikamwambia, "Odeta ana nini?" Akasema alidhani najua. Ndipo nikasikia. Daftari lako limekaguliwa, limekutwa na Kiswahili na nafasi wazi. Umesimamishwa mstarini asubuhi mbele ya shule nzima likiwa limeinuliwa juu. Umeambiwa huingii kipindi cha Baiolojia mpaka unakili notsi zote upya, na wewe umekataa, na tangu mwisho wa Julai kila kipindi unasimama nje ya dirisha. Huo ndio upepo wako!

Nilipanda gari jingine palepale. Hayo unayajua, ulituona. Lakini ulirudishwa kwenye kipindi kingine kabla hatujaanza, nami mbele ya Malongo sikutaka kukuambia mengi, kwa hiyo naandika.

Niliingia ofisini nikiwa nimepanga maneno tangu Nyakanazi. Nilimwambia, "Mwalimu, mtoto ameadhibiwa kwa kuelewa." Alinitazama. Nilidhani atanitoa nje. Akavuta kiti, akasema, "Kaa, mama." Halafu naye akapandisha sauti.

"Nina watoto mia moja na sitini kwa mikondo miwili. Vitabu nilivyonavyo ni kumi na viwili. Mkaguzi akija anafungua daftari la mtoto, anatazama mada zimekamilika au hazijakamilika. Hajawahi hata siku moja kumwuliza mtoto kama ameelewa. La Odeta lina mapengo na Kiswahili. Nani ataulizwa, yeye au mimi? Na mtihani utakuja kwa lugha gani? Wewe utakuwepo siku hiyo umtafsirie?"

Nilitaka kumchukia mpaka mwisho, akaniharibia. Ana shati lililopauka kola na macho mekundu ya mtu asiyelala. Lakini sikumwachia. Nikamwambia hayo yote ni kweli, na bado mtoto kusimama nje ya dirisha si haki. Tulibishana mpaka kengele ikalia mara mbili. Mwisho tumekubaliana: unaingia kesho yake. Utakuwa na madaftari mawili. Moja la kwako, hataligusa. Moja la kwake, kwa Kiingereza, limejaa, la kukaguliwa.

Najua utakasirika. Kasirika, lakini ndani ya darasa.

Na siku nyingine ukisimamishwa nje usiniandikie habari za hali ya hewa. Kwa nini ulinificha?

Shangazi yako


Biharamulo
13 Oktoba 2024

Shangazi,

Shikamoo, na shikamoo kwa bibi. Niko darasani. Asante kwa nauli na miguu yako.

Lakini umeniuza. Samahani, nasema hivyo kwa heshima zote. Nilisimama pale dirishani karibu miezi miwili kwa sababu wewe uliniambia nisiandike nisichokielewa, halafu ukaja ukakubaliana naye kwa chai ya rangi kwamba niandike mara mbili! Nilikuficha kwa sababu nilijua ungekuja, na ukija ungelegea ukimwona kola yake. Kila mtu analegea.

Basi nimeandika hilo daftari lake. Mada zote, tangu mwanzo. Usiku wa kwanza nilikuwa nalia kwa hasira. Lakini sikunakili. Sikuweza tena, mkono umekataa kabisa. Nilikuwa nafungua daftari langu la Kiswahili, nasoma nilichoelewa, nafunga, halafu nakiandika kwa Kiingereza changu kama nilivyoweza. Nilipokosa neno nilitafuta kwenye kitabu. Hata Nyakanazi nimeiandikia njia nyingine: nimesema umbali mrefu.

Mwalimu Malongo amelikagua jana. Ametia tiki kila ukurasa. Hakuna hata ukurasa mmoja alipoona kwamba maneno si yake. Alisema, "Sasa haya ndiyo maandalizi." Nilitaka kucheka na kumpiga kwa pamoja.

Happyness analinakili hilo daftari. Wewe sikutumii, uliapa hutaki notsi za Malongo hata za kufungia vitumbua, nami nina kiburi kama chako. Mada ya urithi kwa Kiswahili hii hapa, nimeambatisha.

Tuonane upande wa pili wa mtihani.

Odeta


Mbuba
1 Desemba 2024

Odeta mpenzi,

Natumai umefika nyumbani kwa baba yako salama na umelala. Bibi amevuna viazi, anakuwekea. Nimepata barua ya mwaliko wa harusi ya binti wa jirani, yule mwenye ng'ombe, kwa hiyo sasa tunapendana.

Ungeweza kunipigia kwa simu ya baba yako, na mimi ningeweza kupokea. Lakini atakuwa amekaa hapo kaunta anasikiliza, na hili sitaki alisikie kwa sauti yangu.

Swali la moyo lilitoka. Ulifurahi? Mimi karibu nipige kigelegele. Eleza mzunguko wa damu, na eleza kwa nini kuta za moyo hazilingani. Odeta, sijawahi kuandika hivyo maishani mwangu. Kalamu ilikuwa inakimbia peke yake. Kidoleni, moyoni kulia, mapafuni, moyoni kushoto, kichwani, kidoleni. Nikaweka na yule mtoto wa tumboni, wa swali la bibi. Nikaandika kurasa mbili zimejaa, bila kukwama hata mahali pamoja.

Msimamizi akatangaza muda unakaribia kuisha. Nikarudia kusoma nilichoandika ili nikifurahie.

Ilikuwa Kiswahili. Yote, na majibu marefu yaliyotangulia vilevile. Wa kulia anatumwa kwa jirani, wa kushoto anatumwa Nyakanazi. Nyakanazi, Odeta! Nimeandika Nyakanazi katika mtihani wa taifa! Na juu ya karatasi wameandika wazi kabisa, jibu kwa Kiingereza, nami nilisoma maelezo hayo kabla ya kuanza nikatikisa kichwa kwamba nimeelewa.

Nikaanza upya. Sentensi mbili zisizokamilika. Neno la mapafu likanitoka, neno la kusukuma likanitoka, nilichokumbuka kwa Kiingereza ni ile sentensi moja tu, unaijua, kwa sababu ya kazi yake. Nikaiandika. Miaka kumi na miwili, na ndiyo iliyokuja kunishika mkono mwishoni. Karatasi zikakusanywa.

Nilitoka nikakaa nje kwenye nyasi. Sikulia. Nilikuwa nawaka. Waliniuliza damu inazungukaje, nimewaambia, tena vizuri kuliko mtu yeyote mle ndani. Nani amewaambia kwamba damu inazunguka kwa Kiingereza? Mgonjwa wa zahanati ya hapa nitamweleza kwa lugha gani? Na bado najua, huna haja ya kuniambia, kwamba sheria niliijua na ningekuwa na lile daftari lako jipya la Malongo ningepona. Wewe ulikuwa na kiburi, mimi nilikuwa na kiapo. Malongo aliniuliza kama nitakuwepo siku hiyo kutafsiri. Nilikuwepo, na sikutafsiri.

Usimwambie baba yako mpaka matokeo.

Speciosa


Biharamulo
2 Februari 2025

Shangazi Speciosa,

Shikamoo. Viazi vya bibi vimefika, Anold alikuwa na kunguni kwenye gunia lakini viazi ni vizuri. Happyness amefaulu, anangoja kidato cha tano kama mimi. Baba hajambo.

Najua umeshaona. Sisi tuliona Alhamisi kwenye simu ya baba, pale dukani. Aliangalia langu kwanza. B ya Baiolojia. Akanishika kichwa. Kisha akaandika namba yako. Akaweka simu kwenye mizani, akasema, "F. Basi. Mwambie aje, nitamtengea chumba cha nyuma."

Shangazi, nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuiona. Nilimwambia baba, mbele ya wateja, "Shangazi hajafeli Baiolojia." Akasema, "Wao wamesema amefeli." Nikamwuliza, "Baba, kwa nini ukuta wa kushoto wa moyo ni mnene kuliko wa kulia?" Akasema atajuaje yeye. Nikamweleza palepale, kuanzia kidoleni, kwa maneno yako na yangu. Mama mmoja aliyekuja kununua chumvi akaahirisha kuondoka. Mzee wa baiskeli akauliza kama ndiyo maana shinikizo la damu linamchosha. Nilipomaliza nikamwambia, "Hicho ndicho alichoandika. Mimi nimepewa B kwa hicho hicho, yeye amepewa F. Tulijua kitu kimoja. Mimi nilijua na jina lake la pili, basi." Nikamwambia na habari ya daftari nililokunyima. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

Alipima sukari ya mtu, akafunga, akapokea hela. Kisha akauliza, kama vile anauliza bei, "Usajili wao wa mtihani unafungwa lini?"

Nikamwambia mwisho wa mwezi huu.

Kwa hiyo njoo. Ameshinda, utauza duka. Na wewe umeshinda, utafanya mtihani. Ametoa makreti ya soda upande mmoja wa kaunta, amesema hapo ni pako na asione kitu kingine pale isipokuwa daftari. Kidato cha tano hatuendi mpaka Julai, mpaka wakati huo mimi ni wako.

Madaftari yote mawili nimeyashona kuwa moja. Kushoto Kiswahili, kulia Kiingereza, kila ukurasa unatazamana na mwenzake. Kila siku utafunga, utanieleza kwanza kwa Kiswahili, ndipo utaandika kwa Kiingereza, na hutainuka kwenda kupima mchele mpaka umalize. Bado naona si haki, na nitaendelea kusema si haki hata nikifika chuo kikuu. Lakini mwaka huu hawataikuta Nyakanazi kwenye karatasi yako.

Njiani, kwenye gari la Anold, anza na swali hili: kwa nini ukuta wa kushoto wa moyo ni mnene kuliko wa kulia? Niletee jibu kwenye karatasi. Na ole wako uniandikie ni kwa sababu ya kazi yake. Wino mwekundu ninao.

Mwanao,
Odeta